Waliokuwa na Visima Vyao Wenyewe

Mjadala wa ubinafsishaji wa maji unapozuka katika nchi za Afrika au Amerika ya Kusini, haupiti muda mrefu kabla jina la Cochabamba halijatajwa. Mji huo wa Bolivia umekuwa mfano wa kudumu: mwaka 2000 wananchi waliingia barabarani, wakakabiliana na polisi na jeshi, na hatimaye mkataba uliowapa wawekezaji wa kigeni mamlaka juu ya maji ya mji ukafutwa. Kisa hiki husimuliwa kwa haraka, na katika haraka hiyo huonekana kana kwamba wateja waliochoshwa na bili kubwa ndio waliosimama dhidi ya kampuni. Bili zilikuwepo, na zilikuwa kubwa kweli. Hata hivyo, kadiri ninavyosoma habari za Cochabamba ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba nguvu ya uasi ule haikutoka kwa wateja. Ilitoka kwa watu ambao mamlaka ya maji haikuwahi kuwafikishia hata tone moja, na ambao kwa sababu hiyo walikuwa wamejichimbia visima vyao wenyewe.

Bonde la Cochabamba liko katika mwinuko wa takriban mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na kwa sehemu kubwa ya mwaka ni kavu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mamlaka ya maji ya manispaa, iitwayo SEMAPA, ilikuwa ikiwahudumia karibu nusu tu ya wakazi, wengi wao wakiwa wa katikati ya mji na upande wa kaskazini. Upande wa kusini, kwenye vilima visivyo na mto wala chemchemi, waliishi wahamiaji. Ili kuwaelewa wahamiaji hao ni lazima kurudi nyuma hadi mwaka 1985, wakati mfumuko wa bei ulipokuwa umeifanya fedha ya Bolivia kuwa karatasi tu. Rais Víctor Paz Estenssoro alitoa amri namba 21060, iliyofuta udhibiti wa bei, ikafungua milango ya biashara na kuwarahisishia waajiri kupunguza wafanyakazi. Miezi michache baadaye bei ya bati ilianguka katika soko la dunia, na shirika la madini la taifa, COMIBOL, likawaachisha kazi zaidi ya wachimbaji 20,000. (Paz Estenssoro huyo huyo ndiye aliyekuwa rais migodi ilipotaifishwa mwaka 1952. Historia ya nchi zetu imejaa viongozi waliobomoa kwa mkono wao wenyewe nyumba waliyoijenga.) Baadhi ya wachimbaji hao walikwenda kulima koka katika eneo la Chapare, na wengine walikwenda Cochabamba, wakajenga vibanda kwenye vilima vya kusini.

Hawakuja mikono mitupu. Chama cha wachimbaji wa Bolivia kilikuwa miongoni mwa vyama imara zaidi vya wafanyakazi katika bara lile, na mwanachama wake alijua jinsi ya kuitisha mkutano, kuandika muhtasari, kutunza daftari la michango na kumbana mwenzake asiyehudhuria. Desturi hizo waliziingiza katika suala la maji. Mtaa mzima ulichangishana fedha, ukatafuta mtambo wa kuchimba kisima kirefu, ukajenga tangi mahali pa juu, kisha kila kaya ikatoa mtu wa kuchimba mitaro ya mabomba. Pale ambapo ardhi haikutoa maji, kamati ilinunua maji ya boza kwa pamoja na kuyagawa. Kwa njia hiyo kamati na vyama vya ushirika vya maji vilienea pembezoni mwa mji, kila kimoja kikiwa na kanuni zake, ada zake na viongozi wanaojulikana kwa majina.

Nje ya mji, mashambani, walikuwepo wakulima wa umwagiliaji, ambao utaratibu wao ulikuwa na umri mkubwa kuliko Jamhuri yenyewe ya Bolivia. Maji ya mito na mabwawa madogo ya milimani yaligawanywa kwa zamu, na haki ya zamu ilitokana na kazi: aliyeshiriki kusafisha mfereji ndiye aliyekuwa na saa zake za maji. Anayeijua mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachaga, kwenye miteremko ya Kilimanjaro hatapata shida kuelewa mfumo huo, wala ukubwa wa ghadhabu inayoweza kumpata mtu anapoambiwa kwamba mfereji uliochimbwa na babu yake sasa una mwenyewe mwingine.

Hivyo ndivyo walivyoambiwa mwaka 1999. Benki ya Dunia ilikuwa imeishinikiza serikali ya Bolivia kwa miaka kadhaa ibinafsishe huduma ya maji, na La Paz ilikuwa imekwisha kufanya hivyo. Kwa upande wa Cochabamba palikuwa na jambo jingine, nalo ni mradi wa Misicuni, ndoto ya miaka mingi ya kujenga bwawa ng'ambo ya milima na kupitisha maji chini ya mlima kwa handaki. Wataalamu wa Benki waliuona mradi huo kuwa ghali mno. Wanasiasa wa mkoa, ambao walikuwa wameuahidi katika kila uchaguzi, hawakukubali kuuacha, na ukaingizwa katika masharti ya zabuni. Wanaosimulia kisa hiki kama hila ya Washington peke yake huliruka jambo hili, kwa sababu linaharibu unadhifu wa hadithi: sehemu ya mzigo uliowekwa juu ya bili za wananchi ilitokana na tamaa za wakubwa wa hapo hapo Cochabamba. Benki nayo ilisisitiza kwamba ongezeko la bei lisipunguzwe kwa ruzuku. Mwananchi akabanwa pande zote mbili.

Mzabuni alijitokeza mmoja tu. Aguas del Tunari ilikuwa kampuni ya ubia ambayo sauti kubwa ndani yake ilikuwa ya International Water, kampuni iliyo chini ya Bechtel ya Marekani, ikiwa pamoja na Abengoa ya Hispania na wawekezaji wa Kibolivia. Rais wakati huo alikuwa Hugo Banzer, aliyewahi kuitawala nchi kijeshi kuanzia mwaka 1971 hadi 1978 na kurudi madarakani kwa kura mwaka 1997. Serikali yake ilizungumza na mzabuni huyo mmoja, na mwezi Septemba 1999 mkataba wa miaka 40 ukatiwa saini, ukiwa na dhamana ya faida ya takriban asilimia 16 kwa mwaka. Mwezi uliofuata Bunge likapitisha Sheria namba 2029 ya maji ya kunywa na majitaka, ambayo ilimpa mwenye mkataba haki ya pekee ya kutoa huduma ndani ya eneo lake.

Maneno hayo, haki ya pekee, ndiyo yaliyowasha moto. Duniani kote zilienea habari kwamba wakazi wa Cochabamba walitakiwa kuomba kibali cha kukinga maji ya mvua, na habari hizo bado hurudiwa hadi leo kama uthibitisho wa ukatili wa kampuni. Sidhani kwamba tunahitaji mvua ili kuielewa hasira ile. Ikiwa mtoa huduma ni mmoja kisheria, basi kamati ya mtaa yenye kisima na tangi inakuwa mtoa huduma haramu, na kisima chake kinaweza kufungwa mita bila fidia yoyote kwa waliokichimba. Wakulima wa umwagiliaji, wakiongozwa na Omar Fernández, waliisoma sheria hiyo mapema kuliko watu wa mjini, wakaelewa kwamba haikuwa ikizungumzia bei. Ilikuwa ikizungumzia nani mwenye mali.

Bei zilipanda Januari 2000. Kwa wengi ongezeko lilikuwa kati ya theluthi na nusu, na wapo walioona bili ikiongezeka mara mbili au zaidi, katika nchi ambayo kima cha chini cha mshahara hakikufika dola 70 kwa mwezi. Sasa mwenye bomba na mwenye kisima walikuwa na adui mmoja, na chombo cha kuwaunganisha kilikuwa tayari. Novemba 1999 wakulima, wafanyakazi wa viwandani, walimu, wanamazingira na kamati za mitaa walikuwa wameunda Muungano wa Kutetea Maji na Uhai, uliojulikana kwa neno moja tu la Kihispania, Coordinadora. Msemaji wake mkuu alikuwa Oscar Olivera, fundi wa kiwanda cha viatu na kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi wa viwandani, ambalo ofisi yake ilitazamana na uwanja mkuu wa mji.

Muundo wa muungano huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Haukuwa chama cha siasa, na ulikataa kuongozwa na chama chochote. Wajumbe walitoka katika vikundi vyao wakiwa na maagizo, wakajadiliana, kisha hoja zikapelekwa kwenye mkutano wa hadhara uwanjani, ambako maelfu ya watu walikubali au walikataa kwa sauti. Kiongozi aliyekwenda kuzungumza na serikali alijua kwamba jioni angesimama mbele ya umati huo huo na kuulizwa amekubali nini. Jambo hili liliwakera sana mawaziri, waliozoea kumaliza migomo kwa kumwita katibu mmoja ofisini na kumpa bahasha au cheo.

Mwezi Februari Coordinadora iliitisha kile ilichokiita kuuchukua mji kwa amani. Serikali ilijibu kwa kuleta polisi kutoka nje, na kwa siku mbili katikati ya mji paligeuka uwanja wa mabomu ya machozi na mawe. Zaidi ya watu mia moja walijeruhiwa, na serikali ikakubali kurudisha bei za zamani kwa muda. Wateja peke yao wangeishia hapo, kwa kuwa walikuwa wamepata walichokidai. Wenye visima hawakuishia hapo, kwa kuwa sheria na mkataba vilikuwa bado vinasimama. Mwezi Machi wakaendesha kura yao wenyewe mitaani, bila tume wala ruhusa, ambapo takriban watu 50,000 walipiga kura na karibu wote wakataka mkataba uvunjwe.

Mapambano ya mwisho yalianza tarehe 4 Aprili. Barabara zilifungwa kwa mawe na magogo kila upande wa bonde, na hapo ndipo nidhamu ya wakulima ilipoonekana, kwani kufunga barabara kwa siku nyingi kunahitaji zamu, chakula na watu wanaoaminiana, mambo ambayo kijiji chenye mfereji wa pamoja kinayo tayari. Viongozi wa Coordinadora walikamatwa wakiwa kwenye mazungumzo katika ofisi ya mkuu wa mkoa, wakaachiwa, na baadhi wakakamatwa tena na kusafirishwa kwa ndege hadi San Joaquín, katika nyanda za joto za mbali. Tarehe 8 Banzer alitangaza hali ya hatari nchi nzima. Siku hiyo kijana wa miaka 17, Víctor Hugo Daza, aliuawa kwa risasi, na kamera ya televisheni ilimnasa kapteni wa jeshi, Robinson Iriarte, akiwa amevaa kiraia na kufyatua bunduki kuelekea kwenye umati. Mahakama ya kijeshi ilimwachia huru baadaye. Wakati huo huo wakulima wa nyanda za juu wakiongozwa na Felipe Quispe walikuwa wamezifunga barabara kwa madai yao wenyewe, na huko La Paz polisi waligoma wakidai mishahara. Serikali haikuwa na askari wa kutosha wala utulivu wa kutosha. Tarehe 10 Aprili ilitangaza kwamba mkataba umekwisha, na siku iliyofuata vifungu vibaya vya Sheria 2029 vikarekebishwa.

Mwenye mkataba hakuondoka kimya. Kwa kuwa hisa zake zilikuwa zimepitishiwa Uholanzi, alifungua madai ya mamilioni ya dola dhidi ya Bolivia katika kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, akitumia mkataba wa Bolivia na Uholanzi. Kelele dhidi ya Bechtel zilisikika hadi San Francisco, ambako kampuni ilikuwa na makao yake. Januari 2006 madai yakafutwa kwa malipo ya boliviano mbili, kiasi kisichotosha hata kununua kitafunwa.

Msomaji wa Dar es Salaam atakuwa ameanza kukumbuka jambo. Agosti 2003 jiji letu nalo lilikabidhiwa kwa mwendeshaji binafsi, City Water, ubia wa Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na kampuni ya Kitanzania, kwa mkataba wa miaka 10 uliokuwa miongoni mwa mambo yaliyotakiwa na wakopeshaji wetu. Hapa pia mwishowe mzabuni alibaki mmoja. Mei 2005 waziri wa maji, Edward Lowassa, alitangaza kuuvunja mkataba, na mwanzoni mwa Juni mameneja wa kigeni wakaondolewa nchini. Biwater Gauff ilikwenda kwenye kituo kile kile cha usuluhishi, ambacho mwaka 2008 kiliamua kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa uwekezaji lakini haikupaswa kulipa fidia yoyote. Asasi za hapa nchini, zikiwemo LEAT ya wanasheria watetezi wa mazingira, TGNP ya masuala ya jinsia na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ziliomba kusikilizwa katika shauri hilo, na hoja zao za maandishi zilipokelewa.

Ukiweka karatasi hizi mbili juu ya meza, visa vinafanana mno. Lakini Dar es Salaam hapakuwa na Aprili. Mkataba uliletwa kutoka juu na ukaondolewa kutoka juu, katika mwaka wa uchaguzi, na sisi tuliokuwa tukinunua maji kwa dumu la lita ishirini tulizisikia habari zote mbili redioni huku tukimsubiri mwenye mkokoteni. Wapo wanaosema kwamba Watanzania ni watu wa amani mno, au waoga, na maelezo hayo siyakubali, kwa kuwa hayaelezi chochote. Maelezo yangu ni kwamba sisi pia tulijitatulia kiu yetu, ila kila mtu kivyake. Mwenye fedha alichimba kisima, akaweka simtanki juu ya mnara wa matofali na kuwauzia majirani. Asiye nazo alinunua. Zilikuwepo jumuiya chache za maji, hasa upande wa Temeke, lakini sura ya kawaida ya maji ya uswahilini ilikuwa, na kwa kiasi kikubwa bado ni, muuzaji na mnunuzi. Muuzaji wa maji hana sababu ya kuandamana bomba linapokosa maji, na mnunuzi hana mkutano wa kuitisha. Kampuni ya kigeni ilipokuja haikumnyang'anya yeyote kitu alichokijenga pamoja na jirani yake.

Kwa sababu hiyo siwezi kuwapongeza sana wale wanaoitaja Cochabamba kila mwaka kana kwamba ni fundisho la jinsi ya kuandamana. Kilichotokea uwanjani kilikuwa kimetangulia kutokea kwenye vikao vya kamati vya miaka 15, vikao virefu vya kubishana kuhusu pampu iliyoungua na ada isiyolipwa.

Kuhusu yaliyofuata, sitayapamba. SEMAPA ilirudishwa kwa umma, ikapewa bodi yenye wajumbe waliochaguliwa na wananchi, na bado ikaendelea kusumbuliwa na ufisadi, ajira za kujuana na mabomba yanayovuja sehemu kubwa ya maji. Kisiasa mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi: maandamano ya Oktoba 2003 dhidi ya usafirishaji wa gesi yalimwondoa Rais Gonzalo Sánchez de Lozada, Evo Morales akashinda uchaguzi wa Desemba 2005, Katiba ya 2009 ikakataza maji kubinafsishwa, na mwaka 2010 Bolivia ndiyo iliyopeleka Umoja wa Mataifa azimio la kuyatambua maji kuwa haki ya binadamu. Hata hivyo, mwaka baada ya mwaka, mabomba ya SEMAPA hayakufika kwenye vilima vya kusini. Olivera hakuingia katika serikali ya Morales, na akawa miongoni mwa wakosoaji wake kutoka upande wa wananchi.

Kamati za kusini ziliunda shirikisho lao mwaka 2004, ASICA-Sur, na mabishano yao ya sasa ndiyo yanayonivutia kuliko kumbukumbu za vita. Misicuni ilikamilika mwaka 2017, na maji yake yanaweza kufikishwa kusini. Mamlaka ingependa kuzimeza kamati na kumgeuza kila mwanachama kuwa mteja mwenye namba ya akaunti. Wapo wanachama wanaoafiki, hasa wale ambao visima vyao vimeanza kutoa maji ya chumvi au kukauka, na mtu aliyebeba ndoo kwa miaka 30 hawezi kulaumiwa akichoka na vikao. Wengine wanashikilia pendekezo ambalo shirikisho lilikwisha kulitoa, kwamba SEMAPA iwauzie maji kwa jumla kwenye tangi, na kuanzia hapo kamati iyagawe yenyewe kupitia mabomba iliyoyatandaza, kwa ada na kanuni zake. Serikali ya Morales, iliyoingia madarakani kwa jina la watu hawa, haikulichangamkia pendekezo hilo zaidi ya zile zilizoitangulia.